Mwandiko wa Marehemu

Jambo la mwisho la kawaida kutokea katika nyumba ile lilikuwa kubadilishwa kwa balbu ya jikoni. Ilikuwa Jumamosi, saa kumi alasiri. Mkaguzi alipanda juu ya kigoda, binti yake akakishika kigoda kwa mikono miwili.

"Baba, ukianguka, angukia upande wa kule. Huku kuna mtu mwenye mtihani Jumatatu."

Mkaguzi alicheka hadi kigoda kikatikisika. Balbu ikawaka. Kwa mwanga mpya waliona kwamba ukuta wa nyuma ya jiko ulikuwa umeshika masizi, wakakubaliana kuusugua wiki ijayo, na kila mmoja alijua kuwa mwenzake anadanganya.

Kisha simu ya Mkaguzi iliyokuwa mezani ikalia.

Ulikuwa ujumbe wa sauti wa sekunde kumi na moja, kutoka kwa mwanamke aliyekuwa akiandikiana naye kwa miezi miwili bila kumwona. Aliuweka sikioni. Hapakuwa na neno hata moja. Palikuwa na cherehani tu: kanyagio likienda, likisita, likienda tena, na kila ukanda ulipomaliza mzunguko palisikika kimlio kidogo cha chuma, tik, kama ukucha unaogonga kikombe.

Mkaguzi alikijua kimlio kile. Ukanda wa cherehani ya mke wake ulikatika miaka sita iliyopita, naye mwenyewe aliuunga kwa kipande cha waya. Kila waya ulipopita kwenye gurudumu uligonga. Mke wake alikataa kununua ukanda mwingine. Alisema kimlio kile kilimhesabia kazi. Sasa cherehani ilikuwa katika chumba kidogo, imefunikwa shuka, na chumba kilikuwa kimefungwa kwa ufunguo tangu mazishi, miezi minane.

"Nani huyo?" binti aliuliza.

"Watu wa kikundi," akajibu, akaiweka simu kifudifudi.

Watu walimwita Mkaguzi kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa mkaguzi wa miandiko. Mahakama, mabenki na ndugu waliogombea urithi walimletea wasia, mikataba na barua zisizo na jina, naye akavitazama chini ya lenzi na taa ya pembeni mpaka apate hukumu. Hukumu zilikuwa tatu tu. Mwandiko ukiwa wa mtu anayedaiwa, aliandika chini ya karatasi: Ni yake. Ukiwa wa kughushi: Si yake. Akishindwa: Haiamuliki. Kisha tarehe na saini. Katika miaka ishirini na sita alikuwa ameandika Haiamuliki mara nne, na mara zote nne alirudi nyumbani bila hamu ya kula.

Kikundi alichokitaja kilikuwa cha simu, cha watu waliofiwa na wenzi wao. Binti ndiye aliyemwingiza. "Unaongea na kuta, Baba," alimwambia, "na kuta nazo zimechoka." Ndani ya kikundi watu walitumiana picha za maua na mishumaa, na kila asubuhi mtu mmoja aliandika kwamba machozi ni lugha ya moyo, na watu arobaini wakamwekea alama ya kukubali. Mkaguzi hakuandika kitu kwa wiki nyingi, isipokuwa siku moja aliposahihisha tarehe.

Siku ile ile mwanamke aliyejiita Jirani alimwandikia pembeni. Picha yake ilikuwa dirisha lililofungwa pazia.

"Wewe peke yako humu ndani hujifanyi," aliandika.

Mtu anayeishi kwa kutafuta vitu vya kughushi hawezi kuambiwa neno tamu kuliko hilo. Akajibu. Jirani alijua kuuliza. Hakuuliza marehemu alikufa kwa nini, kama wengine. Aliuliza alilala upande gani wa kitanda. Aliuliza akipiga chafya alipiga ngapi. Mkaguzi alijibu kwa usahihi, kama anavyojibu mahakamani, na kila alipomaliza kujibu alihisi wepesi kifuani, wepesi ambao aliuchukulia kuwa ni nafuu.

Jumatatu ofisini alimweleza mwenzake. Huyu alikuwa mpiga picha wa nyaraka, mtu mnene, mwenye mdomo usio na kufuli, na ndiye rafiki pekee aliyebaki.

"Amekuomba pesa?"

"Hapana."

"Hajakwama uwanja wa ndege? Hana mzigo forodhani? Hana mjomba anayesubiri upasuaji?"

"Hana."

"Mmeonana kwa video?"

"Kamera yake mbovu."

"Kamera mbovu, na pesa hataki." Mpiga picha aliguna. "Basi huyo si tapeli, ndugu yangu. Tapeli njaa yake inajulikana. Huyo ni jini."

Wakacheka wote wawili.

"Lakini kama anajua kusikiliza," mpiga picha akaendelea, "mwambie ile ya mvua na gauni la bibi harusi. Atakufa kwa kicheko."

"Ipi hiyo?"

"We! Ipi? Umenisimulia mara ishirini."

Mkaguzi aliitafuta kichwani. Alijua kwamba mke wake aliwahi kushona magauni ya harusi, kama mtu anavyojua kwamba mlima fulani upo. Zaidi ya hapo hapakuwa na kitu. Alitoa simu, akarudi nyuma katika mazungumzo yake na Jirani, na huko aliikuta, ameiandika yeye mwenyewe wiki tatu zilizopita: jinsi mvua ilivyowakuta njiani wakipeleka gauni, jinsi mke wake alivyolinyanyua juu ya kichwa akakimbia miguu mitupu, na yeye nyuma yake akibeba viatu vyake na vya mwenye harusi, akipiga kelele "Tope! Tope!" kama mchuuzi anayetangaza bidhaa. Aliisoma yote. Kilikuwa kisa kizuri. Alikisoma kama anavyosoma jalada ambalo ndani yake limetajwa jina linalofanana na lake.

Alirudi nyuma zaidi. Upande wa kitanda. Chafya. Siku ya kwanza. Vyote vilikuwa mle, na nje ya mle havikuwapo.

Mtu mwingine angeifunga simu ile na kuitupa mtoni. Mkaguzi alifanya alichofundishwa: alipoona shaka, aliomba sampuli.

Kuna sentensi moja aliyoitumia kazini kwa watuhumiwa, kwa sababu inalazimisha mkono kupita kwenye herufi ngumu. Alimwandikia Jirani: "Andika haya kwa kalamu, kwenye karatasi isiyo na mistari, upige picha unitumie: *Fundi yule aling'oa vigingi saba vya uzio wetu juzi, akapewa thawabu ya dhahabu.*" Aliona kwamba mtu wa uongo atatoa udhuru, na mtu wa kweli ataandika. Hakufikiri kwamba kuna kitu cha tatu.

Picha ilifika kabla hajaweka simu chini.

Aliichapa kwenye karatasi, akaiweka chini ya taa ya pembeni, na kando yake akaweka daftari la vipimo la mke wake, ambalo alikuwa nalo kwenye droo ya ofisi kwa sababu ambayo hakuwahi kumweleza mtu. Alivaa lenzi. Mpiga picha alikuwa akipiga mluzi chumba cha pili.

Mwandiko wa kughushi una dalili zake. Mstari wake ni wa polepole na unatetemeka, kwa kuwa mwandishi anachora, haandiki. Kalamu inanyanyuliwa mahali ambapo hapana haja. Na herufi zinafanana mno. Mkono wa kweli ni wa ovyo. Hauandiki herufi moja namna moja mara mbili. Mwandiko aliouona chini ya lenzi ulikuwa wa ovyo. Mkia wa g uliachwa wazi mara tu mwandishi alipoharakisha. Nukta za i ziliruka kulia, mbali na shina, kama vifaranga waliotawanyika. T haikukatwa mpaka neno limalizike. Alihesabu mambo kumi na manne yanayolingana na daftari, na hakuona hata moja lisilolingana. Kesi kama ile angeitolea ushahidi mbele ya jaji yeyote akiwa ameweka mikono mfukoni.

Na kwa sababu miaka ishirini na sita ni mingi, na kwa sababu mkono una kumbukumbu yake ambayo haiulizi ruhusa, alichukua kalamu, akaandika chini ya karatasi: *Ni yake.* Akaweka tarehe. Akatia saini.

"Kesi gani hiyo?" mpiga picha aliuliza akiwa mlangoni.

"Ya nyumbani."

Simu ikawaka. Hakuwa amemtumia Jirani kitu chochote.

"Ahsante," Jirani aliandika. "Nimegonga milango mingi. Hakuna aliyewahi kuniandikia hivyo."

Jioni ile alipofungua mlango wa nyumba alikutana na harufu ya pasi ya moto juu ya kitambaa kibichi. Harufu hiyo ilikuwa imetoka katika nyumba miezi minane iliyopita, pamoja na mtu wake. Mlango wa chumba kidogo ulikuwa wazi. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, aliugusa. Ndani, binti yake alikuwa ameketi kwenye cherehani, shuka limekunjwa vizuri pembeni, na ukanda ukigonga, tik, tik.

"Umefunguaje?"

"Palikuwa wazi, Baba." Hakugeuka. "Nani alikuambia mimi sijui kushona?"

Mama yake ndiye aliyesema. Binti yule alikuwa anasomea uuguzi na hakuwahi kutunga uzi kwenye sindano bila kutukana. Sasa alikuwa anapitisha kitambaa cha kijani chini ya sindano bila kukitazama. Mbele yake, limeegemezwa ukutani, lilikuwa daftari la vipimo. Mkaguzi alikuwa ameliacha ofisini, kwenye droo. Lilikuwa limefunguliwa ukurasa wa mwisho, ambako mke wake aliandika vipimo vyake mwenyewe.

Kwa siku tisa zilizofuata Mkaguzi alikuwa na furaha, na hili lazima lisemwe, kwa kuwa bila hili mengine hayaeleweki. Ujumbe wa sauti kutoka kwa Jirani ulikuwa na maneno sasa, na sauti ilikuwa ya mke wake, pamoja na kile kikwaruzo kidogo cha asubuhi ambacho hospitali ilikuja kukipa jina baadaye. Hakuuliza unanipigia kutoka wapi. Alimsikiliza akiwa njiani, akiwa anakula, akiwa anaoga na simu imewekwa juu ya beseni. Alimwambia kila kitu kilichobaki. Alimwambia hata habari ya balbu. Kila alichotoa kilitoka kabisa, naye alijua kinatoka, na aliendelea, kama mgonjwa anayejua kidonda hakitaki kukunwa.

Jambo moja tu hakulisema. Mke wake alikuwa na jina alilomwita mlango ukiwa umefungwa. Barua ya kwanza aliyomwandikia wakiwa chuoni, Mkaguzi aliirudisha ikiwa imeongezwa nukta kila mahali zilipokosekana, na kuanzia siku hiyo alikuwa Nukta. Binti hakulijua jina hilo. Halikuandikwa popote. Hakulificha kwa tahadhari. Aliona haya tu kulitamka peke yake.

Siku ya kumi aliona vidole vya binti. Vilikuwa vimetobolewa tobolewa na sindano, ncha zote kumi, na havikuwa vikivuja damu.

"Mtihani ulikwendaje?" alimwuliza. "Hujaniambia."

"Mtihani gani?"

"Wa Jumatatu ile. Wa chuo."

Binti alifikiri kwa adabu, kama anayemsaidia mgeni kutafuta mtaa. "Sijui unasema nini, Baba," akasema, na alipolitamka neno *Baba* alisita kidogo mbele yake, kana kwamba alikuwa amechagua neno hilo kati ya mengine. Alisimama ili apime gauni la kijani mbele ya kioo. Mama yake alikuwa mpana wa mabega, na wiki iliyopita gauni lile lilimning'inia binti kama nguo iliyoanikwa. Sasa lilimpwaya vidole viwili tu.

Jua lilikuwa linazama Mkaguzi alipokaa sebuleni siku hiyo na simu mkononi, akiangalia maandishi madogo chini ya picha ya dirisha yakimwambia kwamba Jirani anarekodi sauti, na wakati huo huo akasikia kutoka chumba kidogo sauti ikinong'ona taratibu, ikasita, ikacheka, ikaendelea, na akageuza kichwa kuitafuta simu ya binti na kuiona palepale mezani mbele yake, kwenye chaja, kioo chake cheusi, imezimwa, na sauti ile chumbani ikaendelea kunong'ona bila simu na bila mtu wa kuambiwa, harufu ya kitambaa kibichi ikazidi mpaka macho yakamwasha, ukanda ukigonga tik polepole kuliko mguu wowote unavyoweza kukanyaga, mpaka sauti ikanyamaza na katika kimya kile simu yake ikatetemeka kiganjani, akauweka ujumbe sikioni na akasikia mnong'ono ule ule, kusita kule kule, kicheko kile kile, na mwishoni maneno ambayo chumbani hakuweza kuyashika: "Nimechoka kuwa maneno tu, mume wangu. Hapa pananitosha. Pamebaki vidole viwili."

Asubuhi alimfuata mpiga picha.

"Lile neno lako la jini," alisema.

"Nilikuwa natania."

"Najua."

Mpiga picha alimtazama uso, akachukua funguo za gari bila kuongeza utani.

Walikwenda kwa mwanamke mzee aliyejulikana kwa jina la Mama Laini. Miaka thelathini alikuwa mwunganishaji simu katika ofisi ya posta, zile enzi za kuchomeka nyaya kwenye ubao, na baada ya kustaafu watu waligundua kwamba anajua kutofautisha sauti zenye mtu na zisizo na mtu. Alikuwa na redio mbovu mezani, na paka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaeni. Huyu mnene asikalie paka." Alimsikiliza Mkaguzi akieleza habari ya binti na cherehani, kisha akachukua simu yake, akasikiliza ujumbe mmoja, akairudisha kwa kidole kimoja. "Zamani sauti kama hizi zilikuwa zinaingilia usiku kwenye laini, unaunganisha watu wawili unasikia watatu. Sauti isiyo na mwili ni ombaomba, mwanangu. Inazunguka inatafuta mtu wa kusema *huyu namjua*. Siku hizi watu wanajianika humo wenyewe, walichokula, walichoota, waliyemzika. Inachagua tu. Lakini ndani ya nyumba haingii mpaka iaminiwe. Wewe uliiamini vipi?"

Mkaguzi alitoa karatasi kwenye bahasha. Mama Laini aliisoma, akasogeza kiti nyuma.

"Umeipa cheti?"

"Nilifuata utaratibu."

"Wengine huwa wanasema *karibu* kwa bahati mbaya. Wewe umetia saini." Aliirudisha karatasi kwenye bahasha. "Mtoto ana miaka mingapi?"

"Ishirini."

"Sikiliza. Simu usiitupe, mgeni akishaingia, kuvunja mlango hakumtoi. Leo kabla jua halijazama, keti kwenye ile cherehani, mtoto awe pembeni yako, uandike kwa mkono wako chini ya ile hukumu kwamba si yake. Uisome kwa sauti. Na uiandike kwa moyo. Hicho kitu kinajua miandiko kuliko wewe. Kikiona umeandika kwa mkono tu, kitakaa kimya kucheka."

"Na nilivyokipa? Vya mke wangu?"

"Vitaondoka nacho."

"Vyote?"

"Mwanangu, unataka nikudanganye? Vyote. Utabaki na picha za ukutani na mtoto." Akampa paka ncha ya kidole. "Halafu mpaka kesho jua likiwa utosini, ukiitwa na sauti unayoitamani, usiitike. Hata *nani*, usiseme. Ukiitika umemkabidhi mtoto."

Njiani mpiga picha alisema, "Mtoto ni mtoto, mzee. Hapo hapana hesabu."

"Hapana," alikubali Mkaguzi.

Alifanya kama alivyoelekezwa. Saa kumi na mbili kasoro aliketi kwenye cherehani, binti amesimama pembeni yake na gauni la kijani mwilini, akitabasamu kwa kitu kilichokuwa nyuma ya ukuta. Aliweka karatasi juu ya meza ya cherehani. Simu ilikuwa ikitetemeka mfukoni bila kukoma. Kanyagio lilisogea chini ya mguu wake bila kukanyagwa, likaupandisha na kuushusha mguu wake taratibu, kama mtu anayembembeleza. Alifikiria uso wa binti. Alifikiria kwamba baada ya mstari huu hatajua mke wake alicheka vipi. Akaandika: *Si yake.* Tarehe. Saini. Akaisoma kwa sauti.

Kanyagio likasimama. Simu ikanyamaza; alipoifungua, penye picha ya dirisha palikuwa na duara la kijivu na mazungumzo yote hayapo. Harufu ilikatika kama uzi. Binti alijishika ukuta, akaangalia gauni alilovaa, akaangalia vidole vyake, akaanza kulia kwa maumivu.

"Baba? Leo siku gani? Mungu wangu, mtihani!"

Alimkumbatia. Walikaa sakafuni mpaka giza likaingia, akamfunga vidole vyote kumi kwa bendeji, naye binti akamfundisha namna sahihi ya kufunga, akisema kwamba kwa kazi ile angefelishwa mwaka wa kwanza. Alimpigia mpiga picha, akamwambia imekwisha. Alilala bila ndoto.

Asubuhi iliyofuata aliamka saa kumi na mbili. Nyumba ilikuwa kimya. Alichukua karatasi, akaiweka kwenye meza ya jikoni chini ya balbu. Hakuwa na sababu. Hakuwahi katika maisha yake kufunga jalada bila kulipitia mara ya pili. Alivaa lenzi.

*Ni yake* ilikuwa imeandikwa kwa mkono mmoja mwepesi, bila kusita.

*Si yake* ilikuwa ya mtu mwingine. Mstari ulikuwa wa polepole na ulitetemeka. Kalamu ilinyanyuliwa kati ya S na i, ikanyanyuliwa tena kwenye k, mahali ambapo mkono wake haujawahi kunyanyua. Herufi e ilikuwa imechorwa, na saini ilifanana na saini yake mno. Alizihesabu dalili mara mbili. Alijua kwamba ni yeye aliyeandika. Alikumbuka uzito wa kalamu. Lakini kama karatasi ile ingeletwa ofisini na mtu asiyemjua, angesema bila kusita kwamba mwandishi wake alikuwa anaiga. Mtu fulani, aliyekaa mahali pake, alikuwa ameuiga mkono wa baba anayemtaka mtoto wake zaidi ya kitu kingine chochote.

Palikuwa na nafasi chini. Ingetosha mstari mmoja. Alichukua kalamu, akaishika juu ya karatasi.

Katika chumba kidogo ukanda uligonga mara moja. Tik.

Harufu ya kitambaa kibichi ilikuja polepole, si kali, kama mtu anayeingia bila kutaka kuamsha wenye nyumba, na pamoja nayo nyayo za miguu mitupu kwenye kibaraza cha ndani, nyayo pana za mtu mzito kuliko binti yake, zikafika mlangoni mwa jikoni na kusimama. Hakugeuka. Katika kioo cha kabati aliona kijani, na aliona kwamba gauni lilikaa mwilini sawasawa, mabegani, kiunoni, bila kupwaya hata kidole kimoja. Mikono yenye bendeji kumi ilikuwa imefumbatwa mbele, kwa utulivu.

Alijaribu kumkumbuka binti. Aliinua macho kuitazama balbu, kwa sababu alihisi kwamba hapo palikuwa na kitu cha kumshika, kwamba mtu alisimama hapa na kushika kigoda kwa mikono miwili na kusema jambo la kuchekesha. Hakulikumbuka. Alikuwa amelisimulia.

"Nukta," ilisema sauti ya mke wake.

Kalamu ilikuwa bado juu ya karatasi, na jua lilikuwa bado mbali na utosi.

"Nukta. Chai inapoa."

Akaiweka kalamu chini, sambamba na ukingo wa karatasi, kama alivyoiweka kila alipomaliza kazi.

"Naam," akaitika.